Uzito, Sukari na Dawa za Saikosisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Kigoma

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wagonjwa na familia za Mkoa wa Kigoma, kuanzia mjini na Ujiji hadi Kasulu, Kibondo na Kakonko, ambazo zina mtu anayetumia dawa za kutibu saikosisi, yaani ile hali ya mtu kusikia sauti zisizosikika na wengine, kushikilia imani zisizo na msingi au kupoteza mpangilio wa mawazo. Majibu yote yanasimama juu ya msimamo mmoja: dawa hizi zinastahili kuendelea kutumiwa, na uzito unaoletwa nazo unastahili kupimwa na kushughulikiwa tangu wiki ya kwanza, kwa sababu ni rahisi zaidi kuuzuia usije kuliko kuupunguza ukishakuja.

Kaka yetu alikuwa amekonda kwa ugonjwa. Tangu aanze dawa amenenepa na majirani wanatupongeza. Kuna tatizo gani?

Pongezi hizo zina sababu. Mtu aliyekuwa akikesha, akizurura na kukataa chakula kwa kudhani kimetiwa sumu, anapoanza kulala na kula ni lazima arudishe mwili alioupoteza, na kilo za mwanzo ni sehemu ya kupona kwake. Tatizo huanza pale uzito unapovuka ule aliokuwa nao kabla ya kuugua, kisha ukaendelea kupanda mwezi hadi mwezi bila mtu yeyote kuuliza. Kwetu, ambako kukonda kumehusishwa kwa miaka mingi na Ukimwi na kifua kikuu, mwili mnene huchukuliwa kuwa ushahidi wa afya, hivyo familia haioni sababu ya kuwa na wasiwasi hadi siku mgonjwa anapokutwa na kisukari au shinikizo la juu la damu.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wenye magonjwa mazito ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na kwamba sehemu kubwa ya vifo hivyo husababishwa na magonjwa ya mwili yanayozuilika, yakiwemo ya moyo. Kijana aliyeokolewa kutoka kwenye saikosisi akiwa na miaka 25 hastahili kupooza kwa kiharusi akiwa na miaka 45 kwa sababu tu hakuna aliyempandisha kwenye mizani.

Ni dawa zipi huongeza uzito zaidi?

Karibu zote zinaweza kuongeza, ila kwa viwango vinavyotofautiana sana. Klozapini na olanzapini ndizo zinazoongoza. Zinafuatiwa na klopromazini, ambayo wagonjwa wa siku nyingi wanaifahamu kwa jina la Largactil, pamoja na kwetiapini na risperidoni. Haloperidoli, na ile sindano ya flufenazini inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa na ambayo wengi huiita Modecate, kwa kawaida huongeza kidogo, ingawa zina usumbufu wake mwingine kama vile kukakamaa kwa misuli na kutetemeka. Aripiprazoli ni miongoni mwa zile zenye athari ndogo zaidi kwenye uzito. Mpangilio huu unatokana na wastani wa watu wengi, kwa hiyo yupo atakayenenepa kwa haloperidoli na yupo atakayetumia olanzapini bila kubadilika sana.

Mtazame pia dawa nyingine zinazoandikwa pamoja na hizi. Valproeti na lithiamu, zinazotuliza hisia zinazopanda na kushuka, na amitriptilini ya kutibu sonona nazo huongeza uzito, na mgonjwa anayemeza olanzapini pamoja na valproeti anahitaji kufuatiliwa kwa ukaribu zaidi.

Inakuwaje dawa ya akili iguse njaa na shibe?

Dawa hizi hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini, moja ya kemikali zinazopeleka ujumbe katika ubongo, na kwa njia hiyo sauti na hofu hupungua. Nyingi, hata hivyo, huziba vilevile vipokezi vya histamini na vya serotonini ambavyo husaidia ubongo kutambua kwamba tumbo limeshiba. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa anaweza kumaliza sahani nzima na baada ya saa moja akasikia njaa ya kweli, inayouma, kama ya mtu ambaye hajala tangu jana. Usingizi unaoletwa na dawa humpunguzia mwendo, na ugonjwa wenyewe mara nyingi humwondolea ari ya kufanya kazi. Zaidi ya hayo, olanzapini na klozapini zinaweza kuvuruga namna mwili unavyoitumia insulini, homoni inayodhibiti sukari, hata kabla ya uzito kuongezeka.

Kwa sababu hiyo tunaziomba familia ziache kabisa kumwita mgonjwa mlafi au mvivu. Anayetukanwa kwa njaa ambayo hakuitafuta huanza kula kwa kujificha, kisha huanza kutupa vidonge, na hapo mnakuwa mmempoteza kwa pande zote mbili.

Uzito huo huja lini, na hufikia kiasi gani?

Sehemu kubwa huja mapema, katika wiki na miezi ya mwanzo, kisha kasi hupungua, ingawa kwa baadhi ya watu huendelea kupanda polepole kwa miaka. Wataalamu huhesabu ongezeko la asilimia 7 ya uzito wa awali kuwa ni kubwa kiasi cha kuhitaji hatua; kwa mtu aliyeanza na kilo 60 hiyo ni kilo nne na kidogo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, watu watatu kati ya kila kumi waliopewa olanzapini walivuka kiwango hicho. Wanaotumia dawa hizi kwa mara ya kwanza maishani, hasa vijana na watoto, huathirika zaidi kuliko waliozitumia kwa muda mrefu.

Kuna dalili moja ya mapema ambayo kila familia inaweza kuiona. Mgonjwa anayeongeza asilimia 5 au zaidi ndani ya mwezi wa kwanza, yaani kilo tatu kwa yule wa kilo 60, ana uwezekano mkubwa wa kuongeza nyingi baadaye. Huyo asisubirishwe hadi mwisho wa mwaka.

Je, sukari inaweza kupanda hata kama mtu hajanenepa?

Ndiyo, na hili ndilo jambo tunalotamani lijulikane katika kila nyumba. Olanzapini na klozapini zimewahi kusababisha kisukari kwa watu ambao uzito wao haukuwa umebadilika sana, na kwa wachache kisukari hicho kilijitokeza ghafla kama hali ya dharura.

Dalili zake ni kiu isiyokatika, kukojoa mara nyingi hasa usiku, uchovu, macho kuona ukungu, na wakati mwingine kukonda ghafla. Iwapo mgonjwa ataanza kutapika, kuumwa tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, kutoa pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, au kulegea na kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo na mwombe apimwe sukari kabla ya jambo lingine. Tunasisitiza hivyo kwa sababu mtu mwenye historia ya ugonjwa wa akili akichanganyikiwa, kila mmoja hudhani ugonjwa wake umerudi. Wengine humpeleka kwenye maombi au kwa mganga, na hata mtoa huduma mwenye haraka anaweza kumchoma sindano ya kumtuliza. Tone moja la damu ya kidole linatosha kuonyesha kama ni sukari.

Ni vipimo gani vifanyike, na kwa ratiba ipi?

Vipimo vya msingi ni uzito, mzunguko wa kiuno, shinikizo la damu, sukari ya asubuhi kabla ya kula, na mafuta ya kwenye damu pale maabara inapoweza kuyapima. Vyote vifanyike kabla ya dawa kuanza au mara tu inapoanza, kwa kuwa bila namba ya mwanzo hakuna atakayejua baadaye kilichobadilika. Uzito upimwe tena baada ya wiki 4, 8 na 12, kisha angalau kila miezi mitatu. Shinikizo la damu, sukari na mafuta virudiwe baada ya wiki 12, na sukari na shinikizo viendelee kupimwa walau mara moja kila mwaka.

Sukari ya asubuhi ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Kuanzia 5.6 tayari ni onyo. Shinikizo la 130 kwa 85 na kuendelea nalo lisipuuzwe kwa mgonjwa wa aina hii.

Asiye na mizani nyumbani anaweza kutumia utepe wa fundi cherehani. Upitisheni tumboni katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, mgonjwa akiwa amesimama na amekwisha kutoa pumzi. Kiuno kinachofika sentimita 80 kwa mwanamke au 94 kwa mwanamume kinaashiria mafuta yanayozunguka viungo vya ndani, ambayo ndiyo yenye madhara makubwa kwa moyo. Mizani, mashine ya shinikizo na kipimo cha kidole ni vitu ambavyo hata zahanati hutumia, kwa hiyo mkazi wa kijijini Buhigwe au Uvinza anaweza kufanyiwa vipimo hivi vitatu karibu na nyumbani na kubeba matokeo yake siku ya kliniki.

Si bora aache dawa mpaka uzito upungue?

Hapana. Tunajua swali hili linatoka kwa watu wenye uchungu, hasa kina dada na kina mama waliokuwa na miili midogo na sasa hawana nguo inayowaenea. Kuacha dawa ghafla, hata hivyo, huongeza sana uwezekano wa saikosisi kurudi, na kila inaporudi inaweza kuwa ngumu zaidi kuituliza, ikamwachia mgonjwa hasara ya kazi, masomo au ndoa. Klozapini ikikatwa ghafla inaweza kurudisha dalili kali ndani ya siku chache. Tena, tafiti za miaka mingi kutoka Finland na Sweden zimeonyesha kwamba watu wenye skizofrenia, yaani ugonjwa wa muda mrefu wa akili unaoleta saikosisi, wanaoendelea na dawa hufariki kwa kiwango kidogo kuliko wale wasiotumia dawa yoyote, pamoja na madhara yote haya ya mwili. Mtu anayesumbuliwa na saikosisi hawezi kufuatilia shinikizo lake, hali chakula kwa utaratibu, na wakati mwingine hulala nje.

Lililo sahihi ni kwenda kwa daktari na kutamka wazi: "Dawa inamsaidia akilini lakini mwili unaongezeka, tufanyeje?" Mgonjwa ana haki ya kuuliza hivyo na kupewa jibu kamili. Akijibiwa tu kwamba ashukuru amepona, arudi tena siku nyingine na daftari lake la uzito mkononi.

Je, dawa inaweza kubadilishwa?

Mara nyingi inawezekana, na uamuzi hutegemea mambo matatu: jinsi dawa ya sasa inavyomsaidia, dawa alizowahi kutumia zikashindwa, na dawa zinazopatikana kwa uhakika mahali anapoishi. Kumhamishia mgonjwa kwenye dawa nzuri ambayo itamlazimu kusafiri kutoka Kakonko hadi mjini kila mwezi kuitafuta kunaweza kumwacha bila dawa yoyote. Mabadiliko hufanywa polepole, ya zamani ikipunguzwa huku mpya ikipandishwa. Kwa anayetumia klozapini hali ni tofauti, kwa kuwa kwa kawaida hupewa baada ya dawa nyingine kushindwa, hivyo juhudi huelekezwa zaidi kwenye kudhibiti uzito huku dawa ikibaki. Kituo cha afya kikiona jambo hili limezidi uwezo wake, rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni iombwe mapema.

Ale nini, katika chakula chetu cha kawaida?

Ushauri wa mlo ulioandikwa kwa ajili ya watu wanaokula nafaka za kopo na maziwa yasiyo na mafuta hautusaidii, kwa hiyo tuanze na kilicho jikoni.

Mawese ndiyo ya kwanza. Mawese mekundu yasiyosafishwa yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na hatuna sababu ya kuyafukuza nyumbani. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kina takribani kalori 120, yawe ya mawese au ya alizeti. Sombe, yaani kisamvu, inayoelea mafuta inaweza kubeba kalori nyingi kuliko ugali unaoliwa nayo. Anayepika aache kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, apime kwa kijiko, na ahesabu watu watakaokula. Migebuka na kuhe wachomwe au wachemshwe kwa nyanya na ndimu mara nyingi zaidi kuliko kukaangwa. Dagaa wakavu wa ziwani ni chakula bora kwa mgonjwa huyu, kwani wana protini nyingi na protini hukaa na shibe kwa muda mrefu. Wasizamishwe tu kwenye mafuta.

Ugali wa muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana, ndiyo sababu mtu hula bonge kubwa na njaa ikarudi mapema. Usiondolewe, upunguzwe, na nafasi yake ijazwe na maharage, ambayo Kasulu huyalima kwa wingi, pamoja na matembele, mchicha au bamia. Mgonjwa aanze na mboga na maharage, ugali ufuate. Chai ya asubuhi ipunguzwe sukari kijiko kimoja kila wiki hadi ulimi uzoee, na maandazi yawe ya siku maalumu.

Jambo moja linahitaji busara ya pekee. Wengi wetu tunakula sinia moja, na wagonjwa wa akili tayari wametengwa katika mambo mengi. Kumpa mgonjwa sahani yake ndogo kando huku wengine wakichota watakavyo kutamuumiza, na kutashindwa ndani ya wiki. Chungu kibadilike kwa nyumba nzima. Baba mwenye shinikizo na mama mwenye sukari nao watafaidika.

Analalamika mdomo mkavu na anakunywa soda siku nzima. Afanyeje?

Ukavu huo mara nyingi hutokana na klopromazini au na Artane, kidonge kinachotolewa kupunguza kukakamaa kwa misuli. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vinane hadi tisa vya chai, kwa hiyo soda tatu kwa siku zinatosha kabisa kueleza kilo nyingi. Abebe chupa ya maji na anywe funda moja moja, na aulize kliniki kama bado anahitaji kipimo kilekile cha Artane. Kwanza, hata hivyo, apimwe sukari, maana kiu kubwa inaweza kuwa kisukari chenyewe.

Anasinzia mchana kutwa. Mazoezi atayafanyaje?

Muulizeni daktari kama dozi inaweza kuhamishiwa usiku, baada ya chakula cha jioni na karibu na saa ya kulala, ili asinzie kitandani na njaa ya usiku isimkute macho. Mwendo wa haraka wa dakika 30 kwa siku tano za wiki unatosha kuanzia, na mji wetu una vilima: kutembea kutoka mwambao wa ziwa kupanda kuelekea Mwanga kunamtoa mtu jasho. Shamba na kuchota maji nazo ni kazi za mwili. Aende na mtu. Ari ndiyo inayokosekana kwa wengi, na mwenzi wa safari huleta ari kuliko maneno.

Metfomini inasaidia?

Inasaidia kwa kiasi. Metfomini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu ya kisukari, ambayo tafiti nyingi zimeonyesha kwamba hupunguza wastani wa kilo tatu hivi kwa watu wanaotumia dawa za saikosisi, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema. Daktari anaweza kuiandika hata kwa asiye na kisukari. Huanzishwa kwa kipimo kidogo, kwa kawaida miligramu 500 pamoja na chakula, kwa sababu mwanzoni huweza kuleta kichefuchefu na kuharisha. Haifai kwa mwenye figo zilizochoka wala kwa mnywaji mkubwa wa pombe, na isimamishwe kwa muda mtu anapotapika au kuharisha sana.

Anayetumia dawa za VVU zenye dolutegraviri amweleze daktari bila kuona haya, kwa kuwa dolutegraviri hupandisha kiwango cha metfomini mwilini na kipimo cha metfomini kwa kawaida hakipaswi kuzidi miligramu 1000 kwa siku. Dolutegraviri yenyewe pia inaweza kuongeza uzito.

Vipi dawa za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani na mtandaoni?

Msizitumie. Baadhi ya bidhaa za namna hiyo zimekutwa katika nchi mbalimbali na sibutramini iliyofichwa ndani yake, kemikali iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Vichangamshi vya aina hiyo vinaweza pia kuamsha saikosisi upya.

Kufunga Ramadhani kutamsaidia kupungua?

Huenda kusimpunguze, kwa sababu mgonjwa mwenye njaa ya dawa hufidia usiku kwa uji wa sukari, tambi na kalimati. Anayetaka kufunga kwa ajili ya ibada azungumze na kliniki wiki kadhaa kabla. Dawa inayomezwa mara moja usiku hupangika kwa urahisi. Anayetumia lithiamu awe mwangalifu zaidi, kwani upungufu wa maji mwilini unaweza kuifanya ifikie kiwango cha sumu, na mwenye kisukari apate ushauri wake mwenyewe.

Binti yetu amenenepa na hedhi imekatika. Ni mimba?

Kipimo cha mimba kifanyike kwanza. Kama hakuna mimba, risperidoni, haloperidoli na flufenazini zinaweza kupandisha homoni ya prolaktini, ambayo husimamisha hedhi na wakati mwingine hutoa maziwa kwa asiyenyonyesha. Daktari anaweza kurekebisha dozi au kubadilisha dawa. Fahamuni kwamba baada ya mabadiliko hayo, au baada ya kuanza metfomini, uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi hata kabla hedhi haijaonekana, kwa hiyo suala la uzazi wa mpango lizungumzwe siku hiyohiyo. Ni muhimu zaidi kwa anayetumia valproeti, ambayo humdhuru mtoto tumboni.

Anavuta sigara. Akiacha atanenepa zaidi?

Anaweza kuongeza kilo chache, lakini faida kwa moyo na mapafu ni kubwa kuliko kilo hizo. Moshi wa tumbaku huharakisha mwili kuondoa olanzapini na klozapini, hivyo akiacha kiwango cha dawa kitapanda na usingizi kuongezeka. Daktari ajulishwe kabla hajaacha, ili dozi ipunguzwe inapohitajika.